Pumzi Kabla ya Neno

Langoni, Amu
Alhamisi, 9 Januari 2025

Shangazi yangu Bi Mwanamkisi,

Asalaam aleikum, na shikamoo.

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka tangu utotoni, nayo si neno. Ni pumzi uliyokuwa ukivuta kabla ya kuanza kutusomea chuoni, madrasani kwako, zile likizo nilizokuja Faza kukaa kwako. Tulikuwa tumejazana kwenye jamvi, Hayat binti yako akinifinya kwa chini ili nicheke nipigwe, na wewe umekaa na msahafu wazi mbele yako. Kisha ulivuta pumzi. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya mtu aliyefikisha gilasi ya maji midomoni. Hayat aliacha kunifinya. Hujasema neno bado, na sisi tulikuwa tumeshanyamaza, na malaika ya mikono yangu yamesimama, kwa sababu nilihisi kuna kitu kimeingia chumbani na bado hakijatamkwa.

Nakwambia hili ili ujue yaliyobaki yametoka wapi. Tangu nimalize masomo Mombasa nikarudi nyumbani, nimekuwa nikirekodi vipande vifupi vya kisomo na dua kwa simu na kuviweka mtandaoni. Nilianza kwa kuitafuta ile pumzi. Sasa wanaonifuata ni wengi kuliko watu wa Amu yote. Wako wanaosema sauti ya mwanamke isitoke nje. Hilo nimelisoma na kubishana nalo hadi nikachoka, na silo linalonisumbua leo.

Linalonisumbua ni hili. Bwana mmoja wa Mombasa, Abdulwahid, ana kampuni ya vipindi vya dini. Anataka nitie sahihi mwaka mzima, nianze na Ramadhani hii: kila siku kipande kimoja, cha nusu dakika, kisizidi. Anasema watu hawangoji. Mama ameshawaambia majirani. Mimi usiku silali vizuri na sijui kwa nini.

Naomba uniswalie istikhara, Mola anielekeze kwenye kheri. Langoni nzima wanajua istikhara yako hujibiwa. Kabla ya ndoa ya Hayat uliona ndoto, na ndoa ile imekuwa ya kheri. Abdulwahid anataka jibu kabla ya nusu ya Shaabani. Ukiona chochote, hata rangi tu, niandikie.

Najua simu huchukui tena. Hayat aliniambia umemkabidhi yeye, na anayekutaka sharti aandike. Nimekuonea wivu, Shangazi. Mimi siwezi kuiacha yangu hata nikienda kutia udhu, na wewe umeiacha kwa ajili ya Mungu kama mtu anayevua viatu. Nimemtumia Hayat kipande changu kipya akuwekee. Niambie sauti yangu imekuwaje.

Mwanao,
Thuraya

*

Faza
16 Januari

Kwa mwanangu Thuraya, Bi Mashuhuri wa Langoni,

Wa aleikum salaam. Barua yako ililetwa na Uthman wa boti ikiwa imelowa pembe moja. Kama uliweka siri kwenye pembe hiyo, samaki wameisoma.

Sisi hatujambo. Hayat amepata darasa kubwa mwaka huu shuleni kwake na anarudi nyumbani hana hali. Chuo changu nacho kimejaa, watoto wa mtaa mzima, na fujo lao ni lile lile mlilokuwa nalo nyinyi.

Kuhusu istikhara. Ile ndoto niliyoota kabla ya ndoa ya Hayat, mwanangu, nilikuwa nimekula papa mwingi na kulala. Ndoa imekuwa njema kwa sababu mumewe ni mtu mwema. Mimi si karani wa Mungu uniletee ombi nikalipige muhuri. Mwenye kutia sahihi ni nani? Basi na aswali huyo. Kukuombea kheri ni kazi yangu, na sihitaji kukumbushwa. Lakini istikhara iswali mwenyewe, na ukishaiswali ukae nayo. Usiinuke mbio kwenda kuangalia kama imejibiwa. Unasema kabla ya nusu ya Shaabani. Ni nani aliyempangia Mungu tarehe?

Umetaka rangi. Nimeona nyeupe. Ni ya ukuta wa chumba changu, umepakwa chokaa juzi.

Hayat alinionyesha kipande chako. Nimeupenda ule mtandio wa rangi ya zabibu. Nyuma yako nimeliona dirisha la mamako, na kamba ya nguo bado imefungwa kwenye ule msumari nilioupigilia mimi kabla sijaolewa huku. Mwishoni ulifumba mato. Umekonda.

Ukipata ndia njoo. Nataka kukuona ukisoma.

Shangazi yako,
Mwanamkisi

*

Langoni, Amu
22 Januari

Shangazi,

Asalaam aleikum.

Nimeisoma barua yako nikacheka, kisha nikaisoma tena sikucheka. Nilikuomba sauti ukanipa mtandio. Niliigeuza karatasi nione kama kuna kitu nyuma. Wewe ndiye uliyenifundisha kila herufi inapotokea kooni. Kama sauti imeharibika, sema. Kama unaona ni makosa mwanamke kusomea watu asiowajua, sema pia, nitavumilia. Kunyamaza kwako ndiko nisikokuweza.

Nikueleze yaliyotokea. Abdulwahid alimleta kijana wake wa sauti, Yassir, tufanye majaribio. Walikodi chumba huku mbele, pwani, wakatundika mablanketi ukutani. Yassir ni mpole na ana adabu. Nilisoma sura fupi. Akaingia kwenye kompyuta yake, kisha akaniwekea nisikilize. Maneno yote yalikuwepo, safi kama yameoshwa, lakini kuna kitu kilipungua na sikuweza kukitaja. Nikamuuliza.

“Nimetoa pumzi, sister,” akasema. “Zinakula muda. Mtu akisikia kimya anapitisha kidole anaenda zake.”

Akanionyesha kwenye kioo. Sauti yangu ilikuwa imechorwa kama msururu wa vilima, na katikati ya vilima mabonde madogo. Hayo mabonde ndiyo pumzi. Aligusa moja, likafutika, na vilima viwili vikarukiana vikagusana. Nilisikiliza tena. Hapakuwa na mtu anayekuja. Neno lilikuwa limeshafika.

Nikakiweka mtandaoni. Sitakuficha: mioyo ilikuja kwa wingi na kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, na nilifurahi. Nilifurahi mwili mzima. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba nikitazama hesabu ikipanda mpaka chai ikapoa, na mama akaniuliza kama nimeolewa na simu.

Istikhara nimeiswali, kama ulivyosema. Simu niliiweka chini ya ncha ya msala ili nisiione. Nilipokuwa kwenye sijda ikatetemeka, na moyo wangu ukaenda kwenye simu kabla mimi sijajua umeondoka. Kipaji cha uso kilibaki chini peke yake. Nilipotoa salamu, unajua nilifanya nini? Niliifungua nikauliza mtandao: dalili za istikhara ni zipi. Majibu yalikuja hapo hapo, mengi, na kila moja linalipinga lenzake.

Nimesoma sana, Shangazi. Nimesoma mpaka nikaweza kueleza kwa maneno mazuri jambo ambalo siwezi kulifanya. Wewe umeweza kuikabidhi simu ukabaki na Mola wako. Nifundishe hilo. Au niambie tu sauti yangu imekuwaje.

Thuraya

*

Faza
30 Januari

Mwanangu Thuraya,

Wa aleikum salaam.

Watoto wamenifumania. Hayat ameapa atakupigia simu akwambie, nami nimemuomba aniache niandike mwenyewe.

Jumamosi nilikuwa nawasikiliza chuoni mmoja mmoja. Ikafika zamu ya Batuli, binti wa jirani, yule mwenye kinywa kama cherehani. Akafungua mdomo, midomo ikaenda vizuri, nikatikisa kichwa, nikamwambia ahsante, aje mwenzake. Akaja mwenzake, midomo ikaenda, nikatikisa kichwa. Na wa tatu. Kisha nikaona chumba kizima kimeanguka, watoto wamelaliana wameshika matumbo, na Hayat amesimama mlangoni ameziba uso. Hakuna aliyekuwa ametoa sauti. Walikuwa wakifunguafungua midomo tu kama samaki, nami nawapa baraka.

Sisikii, Thuraya. Ile homa iliyonipata wakati wa mvua mwaka jana ilichukua sikio la kushoto, na la kulia likafuata. Nilikwenda Mombasa. Nilipita Amu nimejifunika nikabu kama mgeni, nikamuona mamako sokoni akichagua ndizi, sikumsalimu. Daktari aliniandikia kwenye karatasi kwamba mishipa imekufa. Vile vidude vya masikio alinijaribia, havikunipa ila mvumo.

Kwa hiyo simu sikuiacha kwa ajili ya Mungu. Yenyewe ndiyo iliyoniacha. Umenisifu kwa barua mbili na kila sifa imenichoma, maana nilikuwa nimeficha kilema na wewe ukakiita ibada. Niliogopa. Mwalimu wa kisomo asiyesikia ni kitu gani? Nilisema nitajifunza kusoma midomo kabla hawajajua. Midomo nimeijua, na wao wameijua kuliko mimi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia hata Hayat.

Mwanzo nilidhani nimefukuzwa. Nilikuwa naswali kama mtu anayegonga nyumba iliyohamwa. Sauti yangu mwenyewe siisikii, adhana siisikii, naangalia saa. Siku moja nimeinamia ndoo nitie udhu, na maji yametulia, naona uso wangu ndani. Mara uso ukavunjika. Maji yalianza kutetemeka, duara ndani ya duara, na hakuna aliyeigusa ndoo. Nikaweka kiganja ukutani nisianguke, na ukuta nao ulikuwa unatetemeka. Nikatazama juani. Ilikuwa adhuhuri. Ilikuwa adhana. Kipaza sauti cha msikiti kiko upande wa pili wa ukuta huo, mimi mwenyewe nimekilalamikia miaka na miaka kwamba kinapasua kichwa.

Nimeishi na adhana tangu nizaliwe, na sikuwahi kuiona. Nilikaa chini karibu na ndoo, udhu haujaisha, nikayatazama maji yakiitikia. Nilijua imekwisha yalipotulia, na uso wangu ukarudi. Haukuwa uso ule ule.

Tangu siku hiyo naingia mapema kumngoja Mola. Nakaa na ndoo yangu kabla ya wakati, na kule kungoja sasa nakupenda kama kuswali kwenyewe. Hili silo nililolichagua. Usinisifu kwalo.

Kwa hiyo sijui sauti yako imekuwaje, mwanangu. Niliyoyaona kwenye kipande chako nilikuandikia yote.

Mwanamkisi

*

Langoni, Amu
1 Februari

Shangazi yangu,

Uthman anangoja barua hii gatini na injini imeshawaka, ananiita kwa mikono. Nakuja na safari yake ijayo. Usitayarishe chochote. Nisamehe kwa ule mtandio.

Thuraya

*

Faza
10 Februari

Mwanangu Thuraya,

Umeondoka jana na kiganja changu bado kina joto. Nimekitazama kama si changu.

Nataka niandike lilivyokuwa upande wangu, maana wewe ulikuwa umenipa mgongo na hukuniona. Uliposema kwa midomo, polepole, “Nisome kwa mkono,” sikukuelewa. Ukageuka, ukakaa mbele yangu kwenye jamvi, ukauchukua mkono wangu ukauweka katikati ya mabega yako. Nikafikiri unataka nikusinge mafuta.

Kisha mgongo wako ukapanuka. Ulikuja kwenye kiganja changu taratibu kama unga unaoumuka, ukajaa, ukasimama. Ulisimama hapo kitambo, na mimi nikasimama nawe, sipumui. Sikujua bado unakwenda kusoma nini. Ulimwengu mzima ulikuwa haujasomwa. Halafu neno likaja, nalo lilikuwa dogo kuliko pumzi iliyolileta, mtetemo tu, kama wa maji yangu.

Sikuuliza ni sura gani. Nilikaa. Pale ulipovuta mara nyingine nilihisi urefu wa aya, na iliyofuata ikawa fupi, na iliyofuata fupi zaidi, na hapo nikaijua, midomo yangu ikaanza kwenda nawe. Hayat ameniandikia kwenye karatasi kwamba tulianza neno la mwisho pamoja na kulimaliza pamoja, na kwamba sauti yangu imeharibika sana na ilikuwa nzuri. Sikuwa nimesoma pamoja na mtu tangu ile homa. Nilidhani hilo limekwisha kwangu mpaka kaburini.

Huku chuo kinayumba. Hayat anasema nikifunge Ramadhani ikiingia, kabla wazee hawajaanza kuwatoa watoto mmoja mmoja. Batuli alikuja kuomba radhi. Aliandika kwa chaki kwenye ubao wake, herufi zimepinda kama zimelewa, nikamsahihisha, akalia, nikampa kashata.

Hukuniambia utamjibu nini huyo bwana wa Mombasa, nami sikukuuliza. Hiyo ndiyo istikhara yako. Ikae.

Mwanamkisi

*

17 Februari

Shangazi yangu,

Asalaam aleikum, na shikamoo.

Nusu ya Shaabani imepita. Nakuandikia yaliyotokea kabla yake.

Nilipokukalia mbele na kuuweka mkono wako mgongoni, nilikuwa na haya. Nilizoea kusoma kwa ajili ya watu ambao siwaoni, na kupata jibu lao kabla sijaweka simu chini. Pale hapakuwa na jibu. Kulikuwa na kiganja kinachongoja. Nilivuta pumzi, na kiganja chako kikanifuata nyuma, na nikashindwa kuanza. Si kwamba nilisahau. Niliogopa, kama ninavyokumbuka kuogopa nikiwa mdogo kwenye jamvi lile lile. Nilijua Anayesomewa yupo hapo kabla ya neno, na alikuwepo kila mara nilipokuwa na haraka. Nilikuwa nikimpita mlangoni.

Niliporudi Amu niliswali istikhara kila siku. Simu niliiacha jikoni kwa mama. Hapakuwa na ndoto. Hapakuwa na rangi. Nilikaa baada ya salamu kama ulivyoniambia, mara nyingine moyo ukikimbilia jikoni na mimi nikiurudisha, na ukikimbia tena. Sikupata hata mara moja kukaa vizuri. Nilikaa tu.

Nilimpigia Abdulwahid nikamuomba jambo moja, waziache pumzi. Hakunidharau. Alicheka kwa wema, akasema, “Bi Thuraya, nikikuachia pumzi watu wataondoka kabla hujafika.” Si mtu mbaya. Anayosema kuhusu watu ni kweli, na kuhusu mimi ni kweli zaidi. Mimi mwenyewe nimewapitisha wasomaji wazuri kwa kidole kwa sababu walichelewa kuanza.

Siku iliyofuata Yassir alinitumia kitu kwa mzaha. Alikuwa amesikia ninavyozililia pumzi zangu, basi akazikusanya zote alizozikata, akaziunganisha, akaandika: hizi hapa, sister, usiseme nimekuibia. Niliingia ndani nikafunga mlango, nikasikiliza. Hapakuwa na neno hata moja. Ilikuwa mtu anayekaribia kuanza, na tena anayekaribia kuanza, na tena. Malaika ya mikono yakasimama. Niliijua sauti ile. Ilikuwa ya mtu aliyefikisha gilasi ya maji midomoni. Ilikuwa yako, Shangazi. Nilikuwa naitafuta kwa miaka, na kumbe iko kifuani mwangu na kijana wa watu anaifagia kila siku kama takataka.

Sijui kama hilo ni jibu la istikhara. Wanaojua watasema si mojawapo ya dalili. Lakini nilikaa nalo siku nzima na halikupungua.

Nilimjibu Abdulwahid kabla ya tarehe yake. Nilimwambia hapana, na nikamshukuru, na nilimaanisha. Alipokata simu nililia, kwa sababu nilikitaka kile kitu. Bado nakitaka. Ukurasa wangu sijaufuta, na mkono wangu bado unaingia mfukoni wenyewe bila ruhusa. Nakuandikia hili usije ukanisifu.

Mama, nilipomwambia nakuja kusaidia chuoni kwako, alinuna siku mbili. Kisha akasema, “Nimekusomesha mpaka Mombasa ili ukawafundishe watoto wa Faza kupumua.” Ndivyo ilivyo. Nilipokuwa nafunga kasha langu alikuja akaweka juu ya nguo zangu msala wake mwenyewe, ule wa kijani aliorudi nao Hija, akalifunga kasha yeye.

Chuo usikifunge. Nimeshazungumza na Hayat, naye ameshawaambia wazee. Wewe utakaa mahali pako na kutazama midomo, mimi nitakaa nyuma yao na kusikiliza. Atakayesoma bila sauti nitakuinulia mkono. Batuli hatatuweza. Na kila mtoto kabla ya kuanza atavuta pumzi, na tutaingoja, hata kama itamchukua mchana kutwa.

Umeona sikuandika mahali juu ya barua hii. Nimeiandikia ndani ya boti. Uthman sikumpa. Kasha langu liko mlangoni kwa Hayat, na mimi niko hapa mbele yako kwenye jamvi, nimekupa mgongo huku ukisoma.

Ukifika kwenye jina langu, weka kiganja.

Thuraya